Mizinga Miwili ya Mama Sare

Asubuhi ile nilitia majani ya chai kwenye sufuria ya nyuki.

Sikujua. Niliikuta jikoni, maji yanachemka, sukari imeshatiwa. Nikasema moyoni, leo mke wangu kaamka na huruma. Nikatia majani. Yeye akaingia kutoka uani, akanusa, akasimama mlangoni mikono kiunoni.

"Wewe baba! Umewapikia nyuki chai?"

"Sasa mimi ningejuaje?"

"Kwa kuuliza. Au mdomo huo umepewa wa kulia tu?"

Jua lilikuwa limekausha maua yote, na ule mzinga wa sanduku ulikuwa umepungua uzito. Ukiuinua kidogo unahisi hamna kitu. Kwa hiyo alikuwa anawachemshia maji ya sukari, wapate cha kujishikiza mpaka mvua. Nikainywa chai yangu, tamu ya kukwaruza koo. Yeye akachemsha nyingine, ananung'unika. Kisha akatoka uani, akainama, akalaza sikio juu ya mzinga wa gogo kama mtu anayesikiliza ugomvi wa jirani ukutani. Akarudi anacheka.

"Hawa wa gogo hawana shida na sukari ya mtu. Wana chao."

Akavaa viatu, akachukua mkoba, akasema anakwenda kununua lastiki na uzi wa buluu. Nikasema haya.

Alianguka dukani kwa muuza vifungo, lastiki iko mkononi. Daktari alisema ni presha, mshipa ulipasuka kichwani. Akasema hata angeangukia mlangoni kwa hospitali asingepona. Nilimsikia kwa masikio yangu. Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, alikuwa amesimama bega kwa bega na mimi. Naye alimsikia.

Nayasema haya kwa sababu mpaka leo kuna watu wanasema nyuki ndio waliomuua. Dukani kwa muuza vifungo hakuna nyuki. Kuna vifungo.

Mke wangu alikuwa mshonaji wa sare za shule. Mtaa mzima ulimwita Mama Sare. Aliwapima watoto mabega, wakakua, wakaleta watoto wao, akawapima na hao. Mtu mzima akipita barabarani, yeye usoni hamkumbuki. Akishampita na kumpa mgongo, anasema, "Aaa, yule bega la kushoto limeshuka." Cherehani ilikaa chumba cha mbele, chini ya dirisha. Mimi nilikuwa mwashi. Yeye anaongea, mimi nanyamaza. Tuliishi hivyo na nyumba haikuanguka.

Halafu zikaja sare za marobota, zimeshonwa tayari, vifungo vinadondoka kabla mtoto hajafika shuleni. Watu wakazikimbilia. Cherehani ikawa inashinda imefunikwa. Yeye hakujua kukaa bure. Akasikia kuna mafunzo ya ufugaji wa nyuki pale ukumbini, akaenda.

Nilimwambia, "Kwa umri huu?"

Akaniambia, "Nyuki wameniuliza umri? Wewe ndiye unayeuliza."

Mwalimu wa mafunzo alikuwa kijana wa viatu visafi. Yeye alifundisha sanduku. Ndani ya sanduku zinaning'inia fremu za mbao, nyuki wanajenga masega humo, na wewe unazitoa moja moja kama mafaili. Kwake nyuki ni kazi. Fungua, kagua, lisha, vuna, funga. Kila baada ya siku kadhaa fungua tena.

Mbao za stendi ya hilo sanduku mke wangu alizinunua kwa seremala tunayemwita Randa. Randa alikuwa na mizinga ya magogo tangu ujana wake, na alipoona sanduku akatema mate. "Hilo ni jeneza," alisema. Yeye alichonga gogo, akalitoboa ndani, akaziba pande mbili, akaacha kijitundu. Kwake nyuki hawafunguliwi wala hawalishwi. "Wewe ungependa mtu akufunulie shuka kila Jumapili?" Unakata masega ya pembeni tu, kidogo, yanayobaki ni yao.

Mwalimu akasema gogo ni ushamba. Randa akasema sanduku ni uchawi wa watu wasio na subira. Mke wangu akaweka vyote viwili. Sanduku huku, gogo kule, kati ya tangi la maji na ukuta wa nyuma. Jioni anakaa kwenye cherehani anajisomea masomo yake kwa sauti, malkia, dume, nta, chavua, na mimi niliyeketi tu pale nikayajua yote bila kutaka.

Alikosea, usidhani hakukosea. Mwalimu aliwaambia kwenye bomba la moshi, lile la kuwatuliza nyuki, unaweza kuchoma vitambaa vikavu. Yeye vitambaa alikuwa navyo magunia. Mabaki ya sare, miaka yote ile. Akashindilia vipande vya sketi za buluu, akawasha, akawapulizia nyuki wa sanduku. Moshi ukatoka mweusi, unanuka kama beseni la plastiki likiungua. Kile kitambaa kilikuwa nailoni. Nyuki wakavumilia siku mbili tatu, kisha asubuhi moja wakatoka wote, wakapanda juu kama ngoma inayotembea, wakaondoka. Sanduku likabaki tupu.

Shemeji alikuja kucheka. Alikaa kwenye kochi langu akacheka mpaka akajipiga paja.

"Dada, yaani hata nyuki wamekukimbia?"

"Hawakunikimbia mimi. Wameukimbia moshi wangu. Nitajifunza moshi mwingine."

Akaketi chini na magunia yake. Anachomoa uzi, anauwasha kwa kiberiti, ananusa. Ukinuka karatasi na kuacha jivu, ni pamba, anautupa huku. Ukiyeyuka na kuganda kama kishanga, ni nailoni, anautupa kule. Alifanya hivyo mpaka vidole vikawa na malengelenge. Alipomaliza alikuwa na gunia moja la pamba tupu, na kwa gunia hilo hakuna nyuki aliyehama tena. Randa akampa nta ya gogo, akaipaka ndani ya sanduku la mwalimu. Mvua zilipokuja kundi jipya likaingia lenyewe. Mwalimu akadai ni sanduku lake limewavuta. Randa akadai ni nta yake. Mke wangu akawapa wote asali ili wanyamaze.

Na shemeji alipewa. Kila tukivuna chupa yake inatangulia. Hakuwahi kusogea hata karibu na tangi, lakini chupa akipewa anaishika kwa mikono miwili.

Sasa sikiliza walichofanya msibani.

Walifunga turubai uani. Kamba moja wakaifunga kwenye stendi ya sanduku. Nikasema msifunge hapo. Nani anamsikiliza mfiwa? Unaambiwa kaa mzee, pole mzee, kunywa maji mzee. Wakaleta mabeseni ya ndizi mbivu za wageni. Wakatafuta pa kuyaweka. Wakaona kitu kama meza, kina mfuniko wa bati, kimetulia. Wakayaweka juu ya mzinga. Wakakaa pale wakamenya, maganda wakayatupa chini ya stendi.

Mke wangu hakuwahi kugusa ndizi siku ya kufungua mzinga. Harufu ya ndizi mbivu inafanana na ile nyuki anayoitoa akitaka kuita wenzake vitani. Hilo ni somo la mwanzo kabisa. Mimi nilikuwa nalijua nikiwa nimeketi tu. Nikasimama, nikasema ondoeni ndizi. Mtu akanishika bega akanikalisha.

Basi nyuki wakatoka. Watu walikimbia wakaacha viti, khanga na meno ya bandia ya mtu ambaye hakurudi kuyadai. Turubai likaanguka. Shemeji akaumwa mdomoni, mdomo ukavimba ukawa mto wa kulalia. Na kwa mdomo huo huo, barabarani, mbele ya umati, akapiga kelele:

"Hawa ndio waliomuua dada! Wamemmaliza, sasa wanatumalizia sisi!"

Siku chache kabla ya kufa mke wangu alikuwa ameumwa na nyuki shingoni. Alitoa mwiba kwa ukucha akaendelea kushona. Sasa kila aliyekimbia akakumbuka ule mwiba. Sumu hukaa, wakasema. Sumu hupanda taratibu, wakasema. Wale waliokuja kumlilia wakaondoka na hadithi ya kusimulia. Wakaibeba mtaa hadi mtaa, na kila alipofika mtu akaongeza mwiba mmoja.

Baada ya msiba shemeji akaitisha kikao, nyumbani kwangu, kwenye kochi langu.

"Jumamosi naja na petroli," akasema. "Tunachoma vyote. Mzee huyu anabaki na wajukuu humu ndani, hatuwezi kuacha wauaji uani."

Nikamtazama binti yangu. Amerudi kuishi na mimi na watoto wake tangu mama yake aondoke. Akatazama sakafu.

"Na wewe?" nikamwuliza.

"Baba, watoto wanaogopa kwenda hata chooni."

Sikusema kitu. Wakadhani nimekubali. Watu wanaoongea sana hudhani ukimya wa mwenzao ni ndiyo.

Nilikwenda kwa mwalimu. Nikamwambia wanataka kuchoma mizinga ya mwanafunzi wako. Akasikitika vizuri kabisa, mkono kifuani.

"Mzee, sanduku nitalichukua mimi. Mama alilitunza, litakuwa la mfano pale kituo cha mafunzo. Lakini lile gogo, wacha walichome tu. Yale ni makazi ya wadudu."

Nikaenda kwa Randa. Alikuwa anapiga msasa mguu wa meza, hakuacha.

"Gogo niletee. Nitalipandisha kwenye miti yangu, litapata wenzake. Hilo jeneza wachome, tena nitaleta na kuni."

Nilirudi nikitukana njia nzima. Nilitukana kwa sauti, na mimi si mtu wa matusi. Wanawake bombani wakanyamaza nilipopita. Kila mmoja anataka nusu ya mke wangu, na nusu nyingine ichomwe! Mmoja anataka ile iliyokuwa inasoma, mwingine anataka ile iliyokuwa inasikiliza. Hakuna aliyemtaka mzima. Mzima alikuwa wangu, nikaona basi nitambeba mwenyewe.

Ninacho kiwanja, kule ng'ambo ya machimbo ya mawe. Nilijenga msingi wa nyumba, nikaishia hapo, nguvu ikaisha. Ni mbali, na mbali ndiyo iliyotakiwa. Ukiwahamisha nyuki hatua chache wanarudi pale walipozoea, wanazunguka wanatafuta mlango usiokuwepo mpaka wanakufa. Ng'ambo ya machimbo hawawezi kuikumbuka njia.

Ijumaa nikaazima mkokoteni kwa muuza maji. Nikangoja jua lizame, nyuki warudi wote. Nilikuwa nimeinama kwenye lile gunia la pamba, natafuta vipande vya kuzibia matundu, niliposikia mlango wa nyuma. Binti yangu akatoka amevaa vazi la mama yake. Vazi lenyewe mke wangu alilishona kwa mashuka meupe, kofia kaizungushia kipande cha chandarua. Mikono ya vazi ilimfika binti kwenye viwiko.

"Usiseme kitu," akaniambia.

Sikusema.

"Nimetoka kwa muuza vifungo," akasema. "Nilimwuliza kama siku ile kulikuwa na nyuki dukani. Alinitazama kama mwendawazimu." Akavuta pumzi. "Alisema mama alikuwa anamtania kwamba vifungo vyake vyote vina matundu madogo kama akili yake. Halafu akashika meza. Ndiyo hivyo tu, baba. Alishika meza."

Nikampa kipande cha pamba. Akaziba tundu la sanduku. Hewa inapita kwenye pamba, nyuki hapiti. Mimi nikaziba la gogo. Nikaumwa kwenye ukope, nikaumwa kwenye kidole, nikaendelea. Sanduku tukalipanga fremu zake zikielekea njia, zisigongane. Gogo tukalibeba vilevile lilivyolala, tumbo chini mgongo juu, maana masega ya humo yameshikizwa na nyuki wenyewe, hayana fremu, ukiligeuza yanakatika na kuwafunika watoto wao kwa asali.

Tulikuwa tunakaza kamba ya mwisho geti likasukumwa. Kuna mdomo ulishamfikia. Shemeji huyo, galoni la petroli mkono mmoja, kiberiti mkono mwingine.

"Shemeji! Si tuliafikiana Jumamosi?"

"Mliafikiana. Mimi nilikuwa nimekaa."

"Unawatorosha waliomuua dada yangu?"

"Pale hospitali ulisimama wapi?"

"Usinigeuzie maneno."

"Ulisimama wapi?"

"Nilisimama na wewe."

"Daktari alisema nini?"

"Madaktari wanasema mengi."

"Alisema nini?"

Akafungua galoni. Harufu ikajaa uani. Nikashika ile pamba ya kwenye tundu la sanduku kwa vidole viwili.

"Mwaga," nikamwambia. "Ukimwaga nachomoa."

"Mzee, una wazimu?"

"Ninao. Mwaga."

Binti yangu akasema kutoka ndani ya chandarua, polepole kabisa, "Mjomba, leo umejipaka marashi? Maana unanukia mpaka huku. Hawa harufu hiyo inawachokoza kweli."

Shemeji akarudi nyuma hatua moja. Kisha nyingine. Mdomo wake ulikuwa bado haujanywea vizuri. Akaweka galoni chini, na sauti ikamtoka si ile ya kikao.

"Sasa kafa na nini? Aliamka mzima! Asubuhi alinipigia simu ananitania! Mtu mzima anaendaje kununua lastiki halafu asirudi? Lazima kuna kitu, shemeji. Lazima kuna kitu!"

"Hata mimi namtafuta wa kumchoma," nikasema. "Hayupo."

Alisimama pale, kiberiti mkononi. Nilikuwa na hasira naye bado. Ninayo mpaka leo, sitadanganya, maana alisikia akajifanya kiziwi, na kwa kelele zake mke wangu amegeuka kuwa yule bibi aliyeuliwa na nyuki. Maisha yote ya mtu, mabega yote aliyoyapima, wamemfanya mwiba mmoja. Nikamwambia sogea. Akasogea. Hakutusaidia kusukuma. Alitufungulia geti tu.

Mkokoteni ulilia njia nzima. Pale kwenye mteremko wa machimbo binti yangu alishika nyuma kwa uzito wake wote, viatu vinateleza, na kila gurudumu likigonga jiwe sanduku linanguruma. "Baba, wamekasirika," akasema. Nikamwambia na wakasirike, hawajatuzidi. Tulivipanga juu ya msingi wangu, sanduku kwenye pembe iliyotakiwa kuwa sebule, gogo kwenye pembe iliyotakiwa kuwa chumba chetu. Tukachomoa pamba. Tukasimama mbali.

Walikaa. Makundi yote mawili yalikaa.

Mimi ndiye mwanafunzi sasa. Sanduku nalifungua, gogo silifungui. Mvua ilipochelewa nilichemsha maji ya sukari kwa ajili ya sanduku, na wajukuu wakasimama mlangoni kuhakikisha sitii majani. Najifunza kwa kuumwa. Kuna majirani hawataki asali yangu, wanasema hawali asali ya mauaji. Wasile. Muuza vifungo anakula.

Juzi mwalimu akaja na pikipiki yake mpaka kiwanjani. Akazunguka, akatazama sanduku, akatikisa kichwa kwa gogo. Akaniambia kwa upole, kama unavyosema na mtoto, kwamba mambo hayaendi hivi. Ama nifuge kisasa, anisajili kwenye kikundi, ama nifuge kiasili nihangaike na Randa wangu. Siwezi kukaa na vyote viwili, akasema. Lazima nichague.

Niliweka bomba la moshi chini. Nikamkumbusha kwamba swali hilo alishawahi kuliuliza. Aliliuliza siku ya kugawa vyeti, ukumbini, watu wamejaa, alipomwita mke wangu mbele na cheti hajampa bado. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na mlango, nimevaa shati langu la kutokea. Mwalimu akasema halikumbuki jibu. Ukumbi mzima ulicheka, na yeye halikumbuki! Nikamwambia, mimi nalikumbuka. Nikamtajia kama lilivyotoka:

"Mwalimu, nilikuja kujifunza nyuki, sikuja kuchagua mume. Mume ninaye, yule pale mlangoni, hasemi kitu, na ananitosha."